Nilivyomfuta Mama

Ofisini kwetu wananiita Wembe, na sitadanganya, jina hilo nililipenda. Nikilisikia kwenye korido nilikuwa napunguza mwendo ili nilisikie vizuri. Nililipata kwa kazi ya kusafisha orodha za unga wa ruzuku, ule ambao serikali huwauzia wenye kadi za umaskini kwa bei ya karibu na bure. Unga huo hutoka ghalani ukiwa mwingi na hufika kwa maskini ukiwa kiduchu, na hapo katikati kuna watu wamenenepa. Mimi nilitumwa kuwatafuta hao walionenepa.

Walionitangulia walikuwa wakikagua makaratasi. Makaratasi ya wezi huwa masafi kuliko ya watu wema, kwa hiyo hawakuambulia kitu. Mimi nikabuni njia yangu. Orodha iletwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, hata mimi nisiione, niifungue mbele ya watu wa mtaa na kusoma jina moja moja kwa sauti. Likisomwa jina, mwenye kadi aitike na asimame aonekane. Akiitwa mara tatu bila kuitika, anafutwa, na aliyefutwa harudi mpaka majirani watatu wanyooshe mikono kumthibitisha. Yeyote anaruhusiwa kupinga jina lolote, ila anayepinga naye anaulizwa: mara ya mwisho umeingia jikoni kwa huyu unayempinga ni lini, na ulikuta nini? Swali hilo niliweka mwenyewe ili kuzuia majirani wenye kijicho. Mkurugenzi alipolisoma alicheka, akasema nina akili ya kishetani, nami nikaenda nalo nyumbani kumsimulia mke wangu.

Kwenye kikao cha kupanga zamu, nilisema nataka kuanza na mtaa niliokulia. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka wenzangu waone kwamba mimi sina cha kwetu wala cha kwao, na kweli walitikisa vichwa kwa heshima. Na ili asije mtu akasema nimepikiwa nikalegezwa, nilifika jioni nikalala nyumba ya wageni, dakika kumi kwa miguu kutoka kwa mama yangu. Sikwenda kumwamkia. Nilimpigia simu tu, kama kawaida yetu ya kila Jumapili, bila kumwambia niko wapi. Hujambo mama? Sijambo mwanangu. Una shida yoyote? Sina shida, baba, nyie ndio mjitunze. Simu zetu zote zilikuwa hivyo, na ile "sina shida" yake nilikuwa naipokea kama stakabadhi.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Ni ukumbi wa ofisi ya mtaa, bati juu, saruji chini, mabenchi ya mbao yasiyolingana urefu, na nguzo mbili nene katikati zinazowazuia waliokaa nyuma kuona mbele. Pembeni yangu alikaa Katibu wa mtaa, binti mwepesi wa kuandika ambaye kalamu yake ya akiba huichomeka nyweleni. Upande wa pili, kwenye kiti chenye mto alichojiletea mwenyewe, alikaa Wakala.

Wakala ndiye mwenye duka linalogawa unga. Ni mtu wa tabasamu na shati lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali. Aliniletea maji ya chupa, akaniuliza hali ya watoto, akaniambia kazi yangu ni ya baraka. Nikamshukuru, nikaiacha chupa pale pale bila kuifungua, na nikahakikisha watu wameona kwamba sijaifungua.

Nikavunja lakiri, nikaanza kusoma. Namba tatu niliita mara tatu, kimya. Kikongwe wa benchi la mbele akasema, "Huyo tulimzika mwaka juzi. Na Wakala alikuja mazishini, tena alikula akashiba." Watu wakacheka. Namba tisa naye alikuwa marehemu. Namba kumi na nne alihamia kwa binti yake miaka minne iliyopita. Namba ishirini na moja hakuna aliyewahi kumwona, wala mama yake hakuna aliyewahi kumwona. Kufika saa nne nilikuwa na marehemu kumi na sita wanaochukua unga kila mwezi bila kukosa, tena mfuko mzima, wakati walio hai wanapewa nusu na kuambiwa gari lilikuja na upungufu.

"Ndugu zangu," nikasema, "marehemu wa mtaa huu wana njaa kuliko walio hai!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kuna mzee alipiga benchi kwa fimbo yake. Wakala alikuwa anajifuta shingo kwa leso, na leso yenyewe ilikwisha kulowa. Nilijisikia mrefu. Nilianza hata kusoma majina kwa mbwembwe, natulia kidogo kabla ya kila jina ili watu wakae mkao wa kula.

Basi ndivyo nilivyofika namba mia na kumi na nane. Mdomo ulitangulia, macho yakafuata. Nilisoma jina la mama yangu mzazi, na la baba yake, kwa sauti ile ile niliyowasomea marehemu.

Hakuna aliyeitika.

Nikatazama orodha. Mjane. Chumba, sebule na jiko. Umri wake, umeandikwa sawasawa. Na kwenye safu ya mwisho, ile ya mtu anayemtunza, Katibu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: hakuna. Nikaita mara ya pili, na nasema kweli, nilikuwa naomba asiwepo. Nilimwombea mama yangu awe kitandani anaumwa kidogo, au amesafiri, au chochote. Nikaita mara ya tatu. Watu wote mle ndani walikuwa wanajua alipo, na wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Hata yule mzee wa fimbo alitazama fimbo yake.

Nikachukua kalamu nimfute pamoja na marehemu. Roho ilikuwa imeanza kunitulia. Hapo ndipo Wakala alipoinuka kwenye mto wake.

"Mkaguzi, subiri kwanza. Huyo si jina hewa. Yupo hapo nyuma ya nguzo. Mama! Simama basi, mwanao anakuita!"

Mama akasimama. Alikuwa amekonda mpaka gauni limekuwa la mtu mwingine. Kadi yake ya unga ilikuwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, ameikunjia mfuko ule mara mbili ili isichafuke.

"Nipo," akasema. "Mnisamehe, sikusikia vizuri."

Mama yangu anasikia panya akitembea kwenye nyumba ya jirani. Alikuwa amesikia mara zote tatu. Aliponiona pale mbele asubuhi ile alijiendea kukaa nyuma ya nguzo, na jina lake liliposomwa akaamua kuwa maiti ili mimi nisiaibike.

"Mwana ni mkaguzi kutoka makao makuu," Wakala akasema, sasa tabasamu limemrudia lote, "na mama yake anakula unga wa maskini. Mimi naomba tu kuelimishwa. Mwizi hapa ni nani?"

Kulikuwa na jibu moja la kweli: huyu mama anastahili, na anastahili kwa sababu yangu. Ni maneno machache, mtoto mdogo angeweza kuyasema. Mimi nikanyanyuka, nikavuta koti vizuri, nikasema, "Ndugu wananchi, kwenye kazi hii mimi sina mama. Huyu ana mtoto mwenye mshahara. Jina hili nalipinga mimi mwenyewe."

Baadhi wakapiga makofi. Nakumbuka yalinifurahisha yale makofi, yale machache, na leo nikiyakumbuka natamani kujificha chini ya meza.

Mkunga akasimama. Huyu ni mkunga mstaafu, amezalisha nusu ya mtaa ule, na mimi mwenyewe alinipokea kwa mikono yake. Anaishi mlango wa tatu kutoka kwa mama. Hana haraka akiongea.

"Umepinga, baba," akasema. "Vizuri. Sasa kanuni yako inakuuliza. Mara ya mwisho umeingia jikoni kwa huyu mama ni lini, na ulikuta nini?"

Mara ya mwisho nilifika kwenye mazishi ya baba, miaka miwili na miezi kadhaa iliyopita, na siku ile jikoni sikuingia, nililetewa sahani sebuleni nikiwa nimekaa na wakubwa. Zamani nilikuwa namtumia mama kitu kila mwezi. Kisha nikaanza kujenga, mwezi mmoja nikauruka, nikasema nitafidia unaofuata. Mama hakuuliza. Kwa kuwa hakuuliza nikauruka na wa pili, na baada ya hapo haikuwa tena kuruka, ilikuwa ndiyo desturi. Mke wangu aliwahi kuniuliza, "Mama anaishije?" Nikamjibu kwamba mama hana shida, amesema mwenyewe.

"Nasubiri," Mkunga akasema.

"Juzi!" Mama akajibu kutoka kule nyuma. Sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. "Alikuja juzi. Amekuta mchele, amekuta sukari, amekuta mafuta, vyote ameleta yeye. Jamani, mwanangu ananitunza. Hii kadi niliichukua kwa tamaa yangu tu. Nifuteni."

Akaja mpaka mezani, benchi baada ya benchi, watu wakimpisha. Akaitoa kadi kwenye plastiki, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Hakunitazama. Mama yangu, ambaye aliwahi kurudisha chenji ya mkate nusu ya safari kwa kuwa muuzaji alikosea, alikuwa amesimama mbele ya mtaa mzima akijiita mwenye tamaa.

Nami nikamfuta. Nilitumia rula ili mstari unyooke.

Nilidhani yameishia hapo. Nikasoma namba mia na kumi na tisa, mjane mwingine, akasimama akatazama kushoto na kulia, kisha akasema, "Na mimi wangu ananitunza. Nifuteni." Mbele kidogo akasimama mwingine, akasema vivyo hivyo. Mmoja alikuwa amekwisha kupitishwa asubuhi, akarudi mezani kuitoa kadi yake. Mpaka tunaahirisha mkutano hadi kesho yake, wanawake wengine saba walikuwa wamejifuta wenyewe. Mimi niliwaandika mmoja mmoja, na nilishangaa jinsi kazi ilivyokuwa inakwenda vizuri.

Mchana nikamripoti Wakala kwa wanaohusika, na duka lake likatiwa kufuli mbele ya macho yake, unga uliokuwemo ukaamriwa ugawiwe ukumbini kesho yake. Siku nyingine ningeifurahia hiyo kufuli kwa wiki nzima. Mkurugenzi akanipigia simu, sauti yake imejaa kicheko. "Nimesikia umemfuta mama yako! Na saba wamejitoa kwa hiari! Kwa hiari, bwana! Hili nalipeleka kwenye kikao cha juu. Tunataka wakaguzi kama wewe kumi." Nikasema asante mkubwa. Nilisema asante mara tatu.

Natoka nje nikamkuta Mkunga amekaa kwenye ngazi za ukumbi ananingoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa na suti yangu kwenye saruji.

"Umefurahi na wale saba?"

Nikasema wamejitoa wenyewe, sikuwalazimisha.

"Namba mia na kumi na tisa ana watoto wanne, hajui hata mmoja yuko wapi," Mkunga akasema. "Yule wa mwisho mwanawe yuko jela. Unajua kwa nini wamejifuta? Kwa sababu umeugeuza unga ukawa kesi ya watoto wao. Mama yako amesimama amesema wake anamtunza. Sasa baada ya hapo ni mama gani atasimama aseme wangu hanitunzi? Watalala njaa, lakini hawatasema. Na mwezi ujao watapungua wengine. Wakala alikuwa anaiba nusu mfuko. Wewe umechukua wote, na hukuutia hata mfukoni."

Nikaanza kujipangusa vumbi la saruji kwenye suti.

"Nenda kamsalimie mama yako," akasema. "Jikoni, usikae sebuleni."

Nilikwenda jua likiwa bado kali. Njiani nilinunua mchele, sukari na mafuta, nikavibeba mwenyewe, na kila niliyepishana naye alitazama ile mifuko kisha akanitazama usoni. Wote walikuwepo ukumbini. Nilitamani kuwaambia kwamba huo ni mzigo wa mtu mwingine, mimi nimetumwa tu.

Mama alinipokea kama vile hatukuonana asubuhi. "Karibu mwanangu, mbona hukusema unakuja? Watoto hawajambo? Mkwe wangu je?" Akaipokea mifuko akaiweka chini bila kuchungulia ndani. Nilipita sebuleni. Kitanda cha baba, ambacho mama alikiweka pale baada ya mazishi akasema ni cha wageni, hakikuwepo. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu yake. Redio haikuwepo. Mlango wa kuingilia jikoni nao haukuwepo, zimebaki bawaba.

"Mama, kitanda kiko wapi?"

"Nimekiazimisha."

"Na redio?"

"Nimeiazimisha pia. Inanipigia kelele."

"Na mlango?"

Akafikiri kidogo. "Mlango uliliwa na mchwa," akasema, na sote wawili tukatazama jiko la kuni na kipande cha ubao chenye rangi ya kijani ya mlango ule, kimeungua upande mmoja.

Nikafungua debe la unga. Sikuombwa, nililifungua tu kwa kuwa swali langu linasema ulikuta nini. Chini kabisa kulikuwa na unga kama vikombe viwili, na juu yake kikombe kidogo cha bati ambacho ndani yake amekwaruza mstari kwa msumari. Nikauliza mstari ni wa nini. Akasema mpaka hapo ni asubuhi, na jioni mtu mzima hahitaji kula sana. Mstari ule ulikuwa chini ya nusu ya kikombe.

Akanipa kigoda, akachemsha chai. Haikuwa na sukari mpaka alipokumbuka nilichokuja nacho, akaufungua mfuko na kunitilia vijiko vitatu, kama nipendavyo tangu utoto. Yake hakuitia. Akakaa chini karibu na jiko, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake barabara.

"Nilisema vizuri?" akaniuliza.

Sikuelewa. "Wapi, mama?"

"Pale ukumbini. Nilivyosema juzi. Niliogopa kusema jana, maana jana watu walikuona nyumba ya wageni. Nilisema vizuri?"

Nililia, na sikulia kwa adabu, nililia kwa kamasi, mtu mzima mwenye suti, Wembe mzima. Mama akahamaki, akaniambia nisilie, watu watasikia, watadhani kuna jambo. Nikamwambia kuanzia sasa nitakuja mwenyewe kila mwezi. Akasema, "Ndiyo, baba," kwa sauti ile ya kumjibu mtoto anayesema akikua atanunua ndege.

Nikamwambia pia kwamba kesho, siku ya mwisho ya mkutano, nitasimama niseme ukweli, arudishiwe kadi yake, na wale saba warudi.

Hapo furaha ikamtoka usoni. "Usifanye hivyo."

"Mama, wale wenzako watakufa njaa."

"Waambie warudi. Sema umekosea hesabu. Sema lolote, wewe ni msomi. Lakini hilo usiseme." Akanishika mkono wa koti. "Nakuomba mwanangu. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli hakuwahi. Nilitoka pale bila kumpa jibu, nikaenda nikalala nyumba ya wageni, yaani nilijilaza tu.

Asubuhi yake ukumbi ulijaa kuliko siku ya kwanza, maana habari za mama kufutwa na mwanawe zilikwisha kufika mbali. Nilikuwa nimepata sababu nzuri za kunyamaza, tena nyingi. Ningeweza kusema kanuni zimebadilika. Ningeweza kuwarudisha wale saba kimyakimya kwa kalamu, na kumtunza mama yangu kwa siri, na Mkurugenzi akapata habari yake ya kikao cha juu. Lakini namba mia na kumi na tisa alikuwa amekaa benchi la tatu, mikono mapajani, bila kadi, na nilijua asingenyoosha mkono kuichukua mpaka mtu aitangulie aibu ile. Na wa kuitangulia nilikuwa mimi.

Nikaondoka mezani, nikaenda kusimama chini, wanaposimama wapingaji.

"Jana nilipinga jina," nikasema. "Nikaulizwa swali, sikulijibu. Nalijibu leo. Jikoni kwa mama yangu niliingia jana jioni. Kabla ya hapo sikuwahi kuingia tangu tumzike baba. Nilikuta unga vikombe viwili. Nilikuta amechoma mlango wake. Ile juzi aliyoisema mama, sikwenda. Mchele na sukari havikuwepo. Simtunzi. Nina mshahara, najenga nyumba ya vyumba vitano, na mama yangu simtunzi."

Halafu sauti ya mama ikatoka nyuma ya nguzo ile ile.

"Muongo huyo! Msimsikilize! Amechoka na kazi, hajalala huyo!" Akatokea katikati ya njia, ananinyooshea kidole kama nilipokuwa na miaka sita. "Ananitunza! Nani anajua kuliko mimi? Mimi ndiye ninayetunzwa!"

Hakuna aliyecheka. Mkunga akamfuata amshike bega, mama akautoa ule mkono.

"Kanuni inasema," nikaendelea, "aliyefutwa anarudishwa kwa mikono mitatu ya majirani wanaojua kwamba hana wa kumtunza. Wanaojua, wanyooshe."

Wa kwanza alikuwa Mkunga. Kisha kikongwe wa benchi la mbele. Kisha namba mia na kumi na tisa, polepole, anaangalia chini. Mitatu ilitosha, ningeweza kusema basi, shusheni. Lakini mikono iliendelea kupanda, benchi baada ya benchi, mafundi, wauza mboga, watoto wa watu niliosoma nao, mpaka Katibu akaweka kalamu chini akanyoosha wa kwake. Wote walijua. Walikuwa wanajua miaka yote hiyo, na walikuwa wakimwacha mama aseme kwamba mwanawe ni mtu mkubwa na hamsahau. Mama alisimama katikati ya ile mikono, akaitazama mmoja mmoja, mpaka ile ya nyuma kabisa. Kisha akajifunika uso kwa mtandio wake.

Niliihesabu, kwa kuwa kanuni inataka ihesabiwe.

Baada ya hapo wale saba nao walinyooshewa mikono, wakaja mezani mmoja mmoja, hakuna aliyemtazama mwenzake, na kila mmoja akapewa kadi yake. Yule mwenye mwana jela aliniambia asante. Mama alikuja wa mwisho. Nilimpa kadi kwa mikono miwili. Hakuipokea mara moja. Alisogea karibu na sikio langu, ili Katibu asisikie.

"Unga ningeomba hata kwa majirani," akasema. "Lakini wa kukusifu wewe mtaa huu nilikuwa nimebaki mimi peke yangu."

Kisha akaichukua kadi yake, akaenda kupanga foleni ya unga.